Mshika Mwavuli wa Mjane wa Taifa

Nchi ninayoieleza si hii yenu. Iko mbali. Jina lake silitaji kwa sababu limebadilishwa mara nne tangu nizaliwe, na nisingependa kuwakosea adabu wakuu wake kwa kutumia la zamani. Ni nchi yenye amani, bendera nzuri na wizara ishirini na sita. Watu wake ni wapole sana. Mtu akipigwa huko huuliza kwanza kama mpigaji ana kibali, na akionyeshwa kibali huomba radhi kwa kuuliza.

Nilizaliwa huko, mtoto wa mchonga vinu, na tangu nilipoanza kusimama nilikuwa na mwendo wangu. Nilitembea kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani, na mtungi haukuwapo. Shangazi zangu walipocheza ngoma harusini, mimi nilikuwa katikati yao na kiuno changu kiliwashinda. Nilipokuwa na miaka sita watu walicheka na kunitunza. Nilipofika miaka kumi, kiuno kilikuwa kilekile, ngoma ileile na watu walewale, lakini hakucheka mtu.

Baba alinishika mkono akanipeleka kwa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, huyu Singano nifanyie dawa."

Dawa ilikuwa mchi. Kila asubuhi kabla ya kengele niliubeba begani na kuzunguka uwanja mara arobaini ili nijifunze kukanyaga ardhi kiume. Baada ya mihula miwili nilikuwa natembea vilevile, ila nikiwa na bega lenye nguvu. Bibi yangu mzaa mama peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni mtoto. Mungu angetaka tufanane angetufyatua kama matofali." Bibi alifariki mwaka uleule, na wazo lake wakalizika naye.

Nikafukuzwa shule darasa la nne kwa sababu wavulana watatu walianza kutembea kama mimi. Mmoja wao alikuwa na jipu tu, lakini Mwalimu Mkuu hakutaka kubahatisha. Madarasa yaliyobaki niliyasoma ukubwani, masomo ya jioni, kati ya wapishi na walinzi wa magodauni, na katika insha hakuna aliyenifikia. Nasema hivyo ili msomaji ajue kwamba haya nayaandika mwenyewe, wala sikuandikiwa.

*

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nafanya kazi ya udobi, pale Mheshimiwa Baba wa Wote alipotembelewa na mgeni kutoka nchi za nje. Walisimama roshanini kutazama watu wakipita. Mgeni akatabasamu, akasema, "Nchi yako inapendeza. Kila mtu anatembea anavyojua."

Mheshimiwa hakupata usingizi siku tatu. Siku ya nne iliundwa Wizara ya Ulinganifu.

Wizara iliteua Kamati ya watu saba, wakakaa miezi kumi na moja katika hoteli ya ziwani wakijadili swali moja: mwanamume wa kawaida ni yupi? Walianza kwa kujichunguza wenyewe. Ikaonekana mmoja ana kigugumizi, wa pili anaogopa paka, wa tatu anakula ugali kwa uma, na Mwenyekiti huzungumza na kioo. Hapo wakapitisha azimio la busara: wangesimama njia panda ya posta, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na mwanamume wa kwanza kupita ndiye angekuwa wa kawaida kwa mujibu wa sheria.

Aliyepita alikuwa Lukindo, tarishi wa posta, mwenye miaka ishirini na saba.

Walimsimamisha wakampima kwa futikamba. Wakamrudisha nyuma akatembea tena, huku wakiandika: hatua nyepesi, bega la kushoto juu kidogo, kidevu mbele, mkono wa kulia unapunga kama wa mtu anayeaga, mdomo unapiga mluzi. Mwenyekiti aliandika kwa mkono wake: "Huyu ni mwanamume aliyeridhika, atokaye katika nyumba iliyotulia. Taifa litembee hivi."

Saa hiyo Lukindo alikuwa akitoka wapi, Kamati haikuuliza.

Tangu siku hiyo shule zote zilipewa chati ya Mwendo. Kila mwanamume, kila mwaka katika mwezi aliozaliwa, hufanya Mtihani wa Mwendo juu ya mstari wa chaki mbele ya watahini watatu. Anayefaulu hupewa kadi nzima. Anayefeli hupewa kadi iliyokatwa pembe, na mwenye kadi iliyokatwa pembe hawezi kuwa shahidi wa ndoa, wala kushika kipaza sauti, wala kusogea ndani ya hatua mia moja kutoka shughuli yoyote ya Taifa, ya furaha au ya msiba.

Mimi nilifeli mara arobaini na saba.

*

Lukindo, sasa Mwanamume wa Mfano, alipewa Nyumba ya Mfano. Siku ya kuhamia alikuja karani wa Wizara na daftari la vifaa. Akaandika viti, akaandika kabati, kisha akaniona nimesimama na pasi yangu ya mkaa.

"Na huyu je?"

"Dobi wangu," Lukindo akajibu.

"Analala wapi?"

"Hapahapa. Taifa zima linatazama suruali yangu, bwana karani. Ikikunjika usiku, nikamtafute mtu wapi?"

Karani alifikiri sana. Hatimaye akaniandika mstari wa tisa, baada ya kabati na kabla ya pasi. Dobi, mmoja, hali nzuri. Kwa miaka arobaini na saba sikuwa na hati nyingine ya kuishi katika nyumba ile, na kusema kweli ilitosha. Wako watu wenye vyeti vya ndoa vilivyowekewa fremu ambao hawakuwahi kuandikwa hali nzuri.

Tatizo lilikuwa mke. Wizara ilisubiri Lukindo aoe, ikangoja miaka mitatu, na kalenda za serikali zilikuwa haziwezi kungoja zaidi. Akaitwa mchoraji. Alimchora Lukindo amesimama, na kando yake akachora mwanamke mnene mwenye mwanya, na watoto watatu. Mwanamke huyo, mchoraji aliniambia, alikuwa shangazi yake mwenyewe. Picha ikatundikwa kila ofisi, kila shule na kila zahanati, na kila mwaka mchoraji aliwaongezea watoto urefu kidogo. Taifa zima likawajua. Wengine walidai wamesoma nao.

Mwaka wa kwanza nilijaribu kujifunza ule Mwendo. Nilijifungia kwenye korido nikawa naenda na kurudi, bega juu, kidevu mbele. Lukindo alifungua mlango akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Natembea kama wewe. Nimechoka kukatwa pembe."

Hakucheka. Alikaa sakafuni pale pale na sare yake. "Acha, Singano. Mimi ninatosha kuwa mimi. Ukishatembea kama mimi, nitabaki kumtazama nani?"

Nikaacha, na sijajaribu tena isipokuwa mara moja, nitakayoieleza.

Nikaanza kuvaa asumini sikioni mchana kweupe. Nilinunua ndara za njano. Nilipiga pasi nikiimba nyimbo za shangazi zangu, na nilipokwenda sokoni nilipita katikati ya barabara na mtungi wangu usioonekana. Wauza nyanya walikuwa wakinipigia kelele.

"We dobi, mtungi utaanguka!"

"Haujaanguka tangu nizaliwe," nilikuwa nikiwajibu. "Wenu uko wapi? Mmeuvunja mkiogopa waume zenu!"

"Haya, pita mwanakwetu, na leo unanukia!"

Nilikuwa na raha. Wizara ilikuwa na fomu ya kila jambo, lakini haikuwa na fomu ya kumuuliza mtu kama ana raha, kwa hiyo haikujua.

*

Lukindo alifariki Jumatatu asubuhi, ameketi kitini, uji bado wa moto, suruali imenyooka. Nilimfumba macho. Nikamshika mkono mpaka ukapoa, kisha nikatoka kutoa taarifa kama raia mwema.

Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinganifu, Bwana Mtengule, alifika kabla ya daktari. Alivua kofia, akatazama huku na huku.

"Mjane yuko wapi?"

"Mjane yupi, mheshimiwa?"

Akanyoosha kidole kwenye picha ukutani. "Huyu."

Nikamweleza, kwa upole, kwamba yule alikuwa shangazi wa mchoraji na amekwisha kufariki. Bwana Mtengule alikaa chini, jasho likamtoka. Mazishi ya Taifa yalikuwa Alhamisi. Mabalozi walikwisha kualikwa. Mwanamume wa Mfano hawezi kuzikwa bila kuliliwa.

Nyuma yake alikuwa yule karani, sasa ana mvi, na daftari lilelile. Alipita akihesabu. Alipofika mstari wa tisa alinitazama juu mpaka chini, akafuta "hali nzuri", akaandika "chakavu, kiondolewe baada ya mazishi". Hakuwa na chuki. Kabati nalo aliliandika hivyohivyo.

Jumanne tangazo likabandikwa: Nafasi ya kazi, Mjane wa Taifa, mmoja, kwa mkataba wa siku arobaini. Awe na ufahamu wa tabia, chakula, maradhi na mapenzi ya marehemu.

Nikaandika barua ya maombi. Mwandiko wangu ni mzuri. Niliitwa kwenye usaili mbele ya jopo la watu watano.

"Marehemu alipenda chakula gani?"

"Kisamvu cha nazi, kilicholala. Cha siku ileile alisema hakijakomaa akili."

"Aliogopa nini?"

"Radi. Na kuandikiwa barua. Alisema amepeleka barua nyingi mno kuziamini."

"Alilala upande gani?"

"Wa dirishani. Baada ya kupasuliwa nyonga, wa ukutani, ili asianguke."

"Neno lake la mwisho?"

"'Umeweka sukari?'"

Jopo likanong'onezana. Mama mmoja wa jopo alijifuta machoni. Mwenyekiti akasema, "Mzee Singano, tunakupongeza. Umepata mia kwa mia, jambo ambalo halijawahi kutokea katika Wizara hii. Kwa bahati mbaya hufanani na picha."

Kazi akapewa Bi Chausiku, muuza vitumbua, mnene, mwenye mwanya, ambaye alikuwa hajapata kumwona Lukindo isipokuwa kwenye kalenda. Mimi niliajiriwa kuwa Mshauri wa Huzuni, nimfundishe.

Nilimwomba Bwana Mtengule jambo moja tu. Desturi ya nchi ile ni kwamba aliyeishi na marehemu humwagia udongo mara tatu kwa mkono wake, kabla ya wengine. Asipofanya hivyo, wazee husema, marehemu hukaa akitazama njia.

"Mheshimiwa, mimi udongo tu. Mara tatu. Kisha nitaondoka na kabati."

Bwana Mtengule hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha kwake. Alinishika bega. "Mzee, kaburi la Taifa ni hatua mia moja, na kadi yako imekatwa pembe. Lakini nitakusaidia. Kesho asubuhi nitakuitishia mtihani maalumu. Tembea dakika moja, basi. Umemtazama mtu yule miaka arobaini na saba. Utashindwaje Mwendo wake?"

Alisema kweli. Hakuna mtu duniani aliyeujua kama mimi.

Jumatano asubuhi nilisimama juu ya mstari wa chaki. Watahini watatu, kalamu mkononi. Nikapandisha bega la kushoto. Hatua ya kwanza, nyepesi. Hatua ya pili. Mmoja wa watahini alisimama mwenyewe bila kujua, maana ilikuwa kama marehemu amepita mlangoni. Hatua ya tatu nikaanza kupiga mluzi, na mluzi ukanikwama. Nilijihisi kama mtu aliyevaa shati la maiti kabla hajazikwa. Na nani sasa angebaki kunitazama?

Nikashusha bega. Nikaweka mtungi wangu kichwani, nikaumaliza mstari kwa mwendo niliozaliwa nao, kiuno na vyote, mpaka ukutani.

Mara ya arobaini na nane.

*

Alasiri ile nilimkuta Bi Chausiku amekaa jikoni kwa Lukindo, vazi la msiba la serikali limembana kwapani.

"Haya, Mshauri," akasema, "nifundishe. Nilie namna gani?"

"Usipige mayowe. Hakupenda kelele."

"Nitaje nini? Mjane lazima ataje kitu."

"Taja alivyokuwa akinywa chai. Aliimimina kwenye kisahani, akaipuliza, kisha akairudisha kikombeni bila kuinywa. Kila siku. Nikimuuliza kwa nini, anasema ni kuitia woga."

"Taja kingine."

"Miguu yake ilikuwa baridi. Hata mwezi wa joto. Ilikuwa lazima mtu..."

Chausiku alinitazama usoni. Mwanamke aliyekaanga vitumbua sokoni miaka thelathini ameona nyuso nyingi, tena zenye njaa.

"Mzee Singano, mimi wamenipa kibali cha meza sokoni kwa kazi hii. Wewe wamekupa nini?"

"Siku mbili za kuondoka."

"Na kesho utasimama wapi?"

"Hatua mia moja. Nje ya uzio, kwa wauza maji."

"Loo!" Alifungua kifungo cha kwapani, akapumua. "Yaani mjane yuko kwa wauza maji, na muuza vitumbua yuko kaburini. Nchi hii! Hebu nieleze, hizo sheria zao umezisoma?"

Nimezisoma. Kanuni za Mazishi ya Taifa zina kurasa mia mbili na kumi na mbili, na huenda mimi ndiye niliyezisoma zote, maana waliozitunga waligawana sura. Nilimletea. Tulipekua pamoja, mimi nikisoma na yeye akilamba kidole na kugeuza kurasa. Saa kumi tukafika Kanuni ya Arobaini na Moja, inayohusu jua: Mjane atakuwa na mwavuli. Mwavuli utakuwa na mshikaji. Kwa madhumuni ya Kanuni hizi, mshika mwavuli ni sehemu ya mwavuli, wala hatahesabiwa miongoni mwa watu.

"Rudia hapo mwisho," Chausiku akasema.

Nikarudia.

"Basi wewe kesho si mtu."

"Nimezoea," nikamwambia. "Kwenye daftari mimi ni wa mstari wa tisa."

Akacheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akasema bila kucheka, "Njoo na viatu vya heshima, mjane mwenzangu."

Nilikwenda na ndara za njano.

*

Alhamisi hakukuwa na wingu hata moja. Askari wa lango alitazama kadi yangu, akatazama pembe iliyokatwa, akafungua kinywa.

"Huyo ni mwavuli," Chausiku akamwambia. "Arobaini na moja. Soma."

Akasoma, akapiga saluti kwa mwavuli.

Waziri alihutubu muda wa saa moja na nusu. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya unyumba. Alisema, "Wako waliotaka kutuletea vituko na mienendo ya ajabu. Marehemu aliwajibu kwa miguu yake!" Watu wakapiga makofi. Alimshukuru mjane kwa kumtunza shujaa, kwa kumpikia na kumlaza. Nilisimama nimeshika mpini, na mwavuli haukuinama. Bega langu, kama nilivyosema, lilipata mazoezi shuleni.

Ukafika wakati wa udongo. Mjane wa Taifa akaitwa mbele, na mwavuli ukamfuata, kama Kanuni inavyotaka. Chausiku akainama, akateka udongo, akayumba.

"Mgongo!" akalia kwa sauti. "Mgongo wangu, jamani! Mwavuli, nishikie."

Akaumimina udongo katika kiganja changu. Nikaumwaga. Akateka tena. Nikaumwaga. Mara ya tatu nilitoa lile ua la asumini sikioni nikalichanganya na udongo, na vyote vikashuka pamoja. Mabalozi walidhani ni desturi.

Kisha likapita gwaride. Vijana elfu mbili, safu baada ya safu, kwa Mwendo wa Taifa: hatua nyepesi, bega la kushoto juu kidogo, kidevu mbele, mkono wa kulia ukipunga, na vinywa elfu mbili vikipiga mluzi.

Sasa niseme kile ambacho Kamati haikuuliza. Asubuhi ile, saa kumi na mbili na robo, Lukindo alikuwa akitoka chumbani kwangu, uchochoro wa nyuma ya posta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala kwangu. Nilisimama mlangoni nikamtazama akienda. Alifika kona, akainua bega akiona haya, akanipungia mkono bila kugeuka, akaanza kupiga mluzi. Hatua ishirini mbele yake walikuwa wamesimama watu saba na futikamba.

Na nchi nzima hutembea hivyo mpaka leo. Waziri hutembea hivyo. Mwalimu Mkuu alikufa akijitahidi kutembea hivyo. Walipita mbele yangu elfu mbili, na kila mmoja alikuwa yeye, anatoka kwangu, ana miaka ishirini na saba, anakwenda kazini.

Bwana Mtengule, aliyesimama pembeni, alitazama matone kwenye shela jeusi la mjane, kisha akatazama juu angani, kukavu kabisa. Akasogea karibu.

"Bibi," akanong'ona, "mwavuli wako unavuja."

"Ndiyo, mheshimiwa," Chausiku akasema. "Ni wa siku nyingi. Uacheni uvuje."